Mwalimu, Sema Ulichoona

Asubuhi katika nyumba ya Luseno ilianza kwa kutafuta kiatu. Kiatu kimoja kilikuwa chini ya kitanda, mahali pake. Cha pili hakikujulikana kiliko. Siku moja kilipatikana juu ya pipa la maji. Siku nyingine kilikuwa ndani ya karai, chini ya nguo zilizolowekwa.

"Kageha, kiatu kilifikaje huku?" mama yake aliuliza.

"Nilikivua, mama, nikaenda kumwangalia paka."

"Paka gani?"

Kageha alifikiri. "Kumbe alikwenda zake," alisema.

Familia hii iliishi mjini, mtaa wa Kariobangi, katika chumba cha orofa ya pili. Luseno, baba wa nyumba, alifanya kazi katika kiwanda cha misumari. Muhonja, mkewe, alikuwa na kibanda cha mboga karibu na soko. Aliuza kunde, mrenda na sukuma wiki. Kageha alikuwa mtoto wao wa kwanza, msichana wa miaka tisa. Alisoma darasa la tatu, na darasa hilo alikuwa akilirudia.

Hakuwa mtoto mbaya. Aliwaamkia wakubwa. Alibeba watoto wa majirani bila kuombwa. Lakini kazi aliyoianza haikumalizika. Akiosha vyombo, sufuria moja ingebaki na povu. Akikatakata mboga, nusu ingebaki kwenye ubao, naye angekuwa dirishani akiongea na watu wa chini. Hakukaa kwenye kiti kama watu wanavyokaa. Alikizunguka, akakipanda, akakiangusha.

Watoto wa ploti, majirani wa jengo lile, walikuwa na wimbo wao wa kumchokoza.

"Niaje, Kageha! Leo kichwa umekiacha wapi?"

"Kiko kwa mama, anakifua!" naye aliwajibu, akacheka kuliko wao.

Muhonja aliposikia hayo hakucheka.

Jioni moja, mwezi wa tisa mwaka wa 1996, Luseno alinawa mikono baada ya kula, akasema jambo alilokuwa amelifikiria kwa muda.

"Shule ikifungwa, Kageha atakwenda nyumbani kijijini, Vihiga. Atakaa na dada yangu Roseline."

"Likizo yote?" Muhonja aliuliza.

"Si likizo. Atakaa."

"Mpaka lini, Baba Kageha?"

"Mpaka apate adabu. Hapa anakujua wewe. Anajua mama ni mpole, hata akivunja kitu ataambiwa pole. Kwa Roseline hakuna mchezo."

Muhonja alimfahamu Roseline. Alikuwa mwanamke mchapa kazi, lakini shule hakuithamini. Watoto wawili wa ukoo walipelekwa kwake wakiwa wadogo. Wote wawili waliacha masomo. Mmoja alichunga ng'ombe, mwingine alilea watoto wa watu. Muhonja alijua kwamba Kageha akipanda basi la Vihiga, hatarudi darasani.

Wiki hiyo Kageha alikuwa na kikohozi. Muhonja alimpeleka kwenye zahanati ya mtaa. Pale alikuwepo muuguzi mmoja, Sista Batulo, mwanamke mrefu kutoka Isiolo, mwenye sauti ya chini. Alipokuwa akiandika dawa, Kageha alifungua droo, akaifunga, akapanda kwenye mizani, akashuka, akauliza ile chupa ni ya nini, na kabla hajajibiwa akauliza kuhusu saa iliyokuwa ukutani.

Batulo aliweka kalamu chini. "Mama Kageha, mtoto huyu yuko hivi kila siku?"

"Kila siku, Sista. Tangu alipoanza kutembea."

"Alipokuwa mdogo aliwahi kushikwa na degedege? Aliwahi kuumia kichwa?"

"La."

"Usiku analala vizuri?"

"Analala kama gogo."

Batulo alimpima macho kwa kumwonyesha herufi ukutani. Alimpima masikio kwa kusimama nyuma yake na kunong'ona maneno ayarudie. Yote yalikuwa sawa.

"Kuna daktari wa watoto pale hospitali kuu," alisema. "Anaitwa Daktari Kilonzo. Anawaangalia watoto wasiotulia na wenye shida ya kujifunza. Mpeleke. Lakini usiende mikono mitupu. Beba ripoti ya mwalimu wake."

"Ripoti ya nini, Sista?"

"Aeleze mtoto yuko vipi darasani," Batulo alisema. Foleni ilikuwa imefika nje. Aliita mgonjwa mwingine, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na halikuwa kosa la mtu mbaya. Katika mitaa ile, mtu akiambiwa alete karatasi ya mwalimu, anajua maana yake. Kijana akitafuta kazi, mwalimu humwandikia kwamba ni mwaminifu na mchapa kazi. Msichana akitaka kujiunga na chuo cha ushonaji, mwalimu humwandikia kwamba ana heshima. Barua ya mwalimu ni barua ya sifa. Hakuna mtu aliyewahi kupeleka ofisini karatasi ya kujiharibia jina. Muhonja naye alielewa hivyo. Daktari ni mkubwa. Akisoma kwamba mtoto ni mzuri, atamsaidia kwa moyo mweupe.

Mwalimu Mbithi, mwalimu wa darasa la tatu, alisifika kwa barua hizo. Alikuwa mtu wa makamo, mkali darasani, na mwandiko wake ulipendeza kama wa kitabuni. Muhonja alimkuta nyumbani kwake Jumamosi. Alikuwa amembebea mboga.

"Mrenda?" Mwalimu aliinua fungu, akacheka. "Mama Kageha, mimi ni Mkamba. Huu utaniteleza hata kabla sijatafuna. Mbona hukuleta kunde?"

"Kunde ziko chini yake, Mwalimu. Nilijua."

"Haya, sasa tunaongea."

Muhonja alimweleza habari za daktari. Kisha akasema, "Mwandikie vizuri, Mwalimu. Usiniangushe."

"Kuna mtu niliyewahi kumwangusha?" alisema Mwalimu Mbithi, akavuta karatasi.

Aliandika kwamba Kageha ni mtoto mwenye adabu, msikivu, mtiifu, anayependa masomo na anayeishi vizuri na wenzake. Muhonja aliisoma njiani. Aliisoma tena jikoni. Ilimpendeza.

Daktari Kilonzo alikuwa mtu mpole. Chumba chake kilikuwa kipya machoni pa Kageha, na Kageha akiwa mahali pageni kwa mtu mgeni, alikaa kimya, mikono mapajani, kama mtoto wa kupigwa picha. Daktari alimchunguza. Alimsikiliza Muhonja. Kisha akaisoma barua ya mwalimu, akavua miwani.

"Mama, shuleni mtoto huyu hana shida yoyote."

"Asante, Daktari," alisema Muhonja.

"Nawe unaniambia nyumbani hatulii, hamalizi kazi, anapoteza vitu."

"Ndiyo."

"Basi nikuulize bila kukuvunjia heshima. Nyumbani kuna ugomvi? Baba anakunywa? Kuna mtu anayempiga sana mtoto, au kumtisha?"

Muhonja alihisi uso umewaka. "Daktari, sisi ni watu wa kanisa!"

"Sikulaumu. Ninauliza kwa sababu. Tatizo nililokuwa nikilitafuta halichagui mahali. Likiwepo, huonekana nyumbani na huonekana shuleni pia. Mtoto akitulia darasani na kuvurugika nyumbani tu, mimi hulazimika kuiangalia nyumba. Kwa barua hii siwezi kusema zaidi. Rudi baada ya majuma machache, na uje na baba yake."

Luseno aliposikia habari hiyo alipiga meza kwa kiganja, si kwa hasira, kama mtu aliyeshinda mchezo wa bao.

"Si nilikuambia? Daktari mwenyewe, na vitabu vyake vyote, amesema shida iko nyumbani. Yaani ni wewe na upole wako. Mwandikie Roseline atayarishe kitanda."

Kesho yake Muhonja alikaa kibandani bila kuita wateja. Alikuwa ametafuta msaada, na msaada huo ndio uliokuwa ukimpakia mtoto wake kwenye basi. Mchana alifunga kibanda, akarudi kwa Sista Batulo.

Batulo alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka.

"Mama Kageha, kwani mtoto anaombewa kazi?"

"Sista, usinicheke. Mtoto wangu anachukuliwa."

Batulo aliacha kucheka. Alivuta kiti. "Kosa ni langu pia. Sikukueleza. Sikiliza. Daktari hana kipimo cha damu kwa jambo hili. Hakuna mashine ya kulionyesha. Anategemea macho ya watu wanaoishi na mtoto. Wewe unamwona nyumbani. Nani anamwona kutwa nzima, siku tano kwa juma, katikati ya watoto wengine sabini wa rika lake?"

"Mwalimu."

"Basi mwalimu akimpamba mtoto, ni kama umempeleka mgonjwa hospitalini ukamwambia, ukiulizwa wapi kunauma, sema huumwi."

Muhonja alikwenda shuleni moja kwa moja. Alimpata Mwalimu Mbithi akitoka darasani, vumbi la chaki kwenye mikono ya koti.

"Mwalimu, barua yako imekataliwa."

Mwalimu alisimama. "Imekataliwa? Nimeandika barua katika mtaa huu tangu hujaolewa, na haijarudi hata moja."

"Hii imerudi. Ulisema Kageha ni msikivu. Kweli ni msikivu?"

Mwalimu Mbithi alitazama chini, kisha akaangalia kama kuna anayewasikia. "Mama Kageha, ulisema nisikuangushe. Tena kuandika mabaya ya mtoto wa mtu ni kumzibia njia. Karatasi haifutiki. Kesho mwalimu mkuu akiiona, atasema mtoto huyu anatuharibia matokeo, aondolewe."

"Ukificha ataondolewa na baba yake. Shule inakaribia kufungwa. Nakuomba uje mwenyewe, umwambie daktari kwa mdomo wako."

Mwalimu alijipangusa chaki. Hakupenda barua yake kukataliwa. "Siku gani?" aliuliza.

Siku ya kliniki walikaa mbele ya Daktari Kilonzo watu watatu: Muhonja, Luseno aliyeomba ruhusa kiwandani, na Mwalimu Mbithi aliyevaa tai. Kageha alikuwa nje ya mlango na muuguzi, akichora. Mahali hapo sasa hapakuwa pageni kwake. Mara mbili waliisikia sauti yake ukumbini akiwauliza wagonjwa wanaumwa nini.

"Mwalimu," daktari alisema, "nieleze habari za Kageha darasani."

Mwalimu Mbithi alikohoa. Aliamua kusema ukweli wote. "Daktari, mtoto huyu ni mkaidi. Ni mvivu. Ni mwingi wa mdomo."

Muhonja aliinamisha kichwa. Luseno alitikisa chake kukubali.

Lakini daktari hakuandika neno. "Barua yako ya kwanza ilikuwa sifa. Hii sasa ni hukumu. Zote mbili hazinisaidii. Sitaki kujua mtoto ni nani. Nataka kujua anafanya nini. Nipe ulichokiona kwa macho. Tuseme ni somo la hesabu. Umeandika hesabu kumi ubaoni. Kageha anafanya nini?"

Mwalimu alianza tena, polepole, kama mtu anayetazama darasa lake kupitia dirishani.

"Anaanza pamoja na wengine. Ya kwanza anaifanya. Ya pili pia. Ya tatu anaanza, mtu anapita nje, anainua kichwa. Nikirudi kwake, yuko pale pale kwenye ya tatu. Penseli imeanguka, yuko chini ya dawati akiitafuta."

"Hizo alizozifanya, amepata au amekosa?"

"Amepata." Mwalimu alisita. "Karibu kila mara hupata."

"Watoto wengine hawainui kichwa mtu akipita?"

"Wote wanainua. Lakini nikisema 'haya, kazini', wanarudi. Kageha naye anarudi, ila kabla sijafika dawati la pili ameshatoka tena."

"Anakuwa hivyo katika hesabu tu?"

"Kusoma pia. Kuandika pia. Kwenye hadithi ndiyo afadhali, lakini hujibu kabla sijamaliza swali. Huwezi kumzuia. Na nikisema 'fungueni kitabu, andikeni tarehe, mchore mstari', yeye hufungua kitabu tu. Hayo mengine ni kama hakuyasikia. Siku moja nilimtuma ofisini kuleta chaki. Alirudi na habari zote za ofisi, nani amekuja, nani anakunywa chai. Chaki hakuileta."

Luseno alikuwa ameketi nyuma kidogo. Sasa alisogea mbele.

"Subiri kidogo, Mwalimu. Ulimchapa kwa hiyo chaki?"

"Nilimchapa."

"Akabadilika?"

"Juma lililofuata nilimtuma kifutio. Alirudi na ua."

Luseno aliangalia mikono yake. "Mimi humtuma kiberiti," alisema. "Inakuwa hivyo hivyo. Lakini nilidhani anatufanyia sisi. Nilidhani ni kwa sababu mama yake ni mpole."

"Mimi si mpole," alisema Mwalimu Mbithi. "Uliza mtu yeyote Kariobangi."

Sasa daktari aliandika. Muhonja alimtazama mumewe. Luseno hakumtazama, lakini hakuwa tena na uso wa mtu aliyeshinda bao.

Daktari aliuliza mambo mengine. Je, walimu waliomfundisha darasa la kwanza na la pili waliona hayo hayo? Mwalimu Mbithi alikuwa amewauliza. Mmoja alisema alimweka Kageha karibu na meza yake mwaka mzima. Je, mtoto anaweza nini vizuri? Mwalimu alisema anakumbuka nyimbo upesi, hana kinyongo, na mtoto mwingine akianguka yeye ndiye wa kwanza kumwinua.

"Sasa ninaweza kusema," alisema Daktari Kilonzo. "Sikutegemea neno la mtu mmoja, wala siku moja. Mama ameeleza nyumbani. Mwalimu ameeleza shuleni, na ameeleza akimlinganisha na wenzake. Mambo ni yale yale katika sehemu mbili, yalianza mtoto akiwa mdogo, yameendelea miaka, na yanamzuia kujifunza. Macho na masikio ni mazima. Tatizo hili madaktari huliita kwa herufi nne: ADHD. Ni namna ubongo wa mtoto unavyofanya kazi. Kukaza fikira kwenye jambo moja, kutulia na kungoja zamu ni kazi ngumu kwake kuliko kwa wenzake. Si ujinga. Si mapepo. Si malezi mabaya ya mama."

"Na fimbo?" aliuliza Luseno.

"Fimbo haiongezi uwezo wa kukumbuka chaki."

"Basi kuna dawa?"

"Zipo zinazowasaidia baadhi ya watoto, na ni daktari tu anayeweza kuziamua. Kwa Kageha tutaanza na nyumba na darasa. Nitawaona tena." Kisha akamgeukia Mwalimu. "Wewe si wa kupima ugonjwa, hiyo ni kazi yangu. Lakini bila macho yako ningekosea. Na bado ninayahitaji. Wewe ndiye utakayeniambia kama tunayoyafanya yanasaidia."

Mwalimu Mbithi alinyoosha tai yake. "Niambie tu nitazame nini," alisema.

Mabadiliko yalianza Jumatatu, na hayakuwa makubwa. Mwalimu alimhamisha Kageha kutoka dirishani, akamweka mbele. Alimwagiza jambo moja kwa wakati mmoja, akamtaka alirudie kwa mdomo kabla ya kulifanya. Hesabu kumi alimpa mbilimbili. Akimaliza mbili analeta, anapata nyingine, na ule mwendo wa kuja na kurudi ulimpa nafasi ya kunyoosha miguu. Alimpa kazi ya kugawa madaftari. Alipofanya vizuri alimwambia papo hapo, si mwisho wa muhula.

Nyumbani Muhonja aliweka sanduku mlangoni, viatu vyote viingie humo kabla mtu hajakaa. Luseno aliacha kuagiza vitu vitatu kwa pumzi moja. Alimshika bega, akamtazama machoni, akasema, "Kiberiti. Nimesema nini?"

"Kiberiti, baba."

Siku nyingine kiberiti kilikuja. Siku nyingine hakikuja. Wiki ya kwanza Luseno alikasirika akasema mambo haya ni ya bure. Wiki ya tatu aliacha kusema hivyo. Darasani penseli bado zilianguka, lakini Mwalimu Mbithi alimweleza daktari kwamba sasa Kageha anafikia hesabu ya saba au ya nane bila kuitwa, na kwamba hajamchapa tena. Matokeo ya mwisho wa mwaka yalipotoka, hakuwa wa kwanza wala wa kumi. Alikuwa katikati ya darasa, na alipandishwa kwenda la nne.

Mwezi wa kumi na mbili familia yote ilisafiri Vihiga kwa Krismasi. Roseline aliwapokea uani. Kama alivyoandikiwa, alikuwa amekwisha kutandika kitanda cha mtoto jikoni, karibu na moto.

"Yuko wapi huyo wa kufundishwa adabu?" aliuliza kwa sauti kubwa. "Ng'ombe wanamngoja."

Muhonja alikuwa amebeba mizigo. Alisimama nayo. Alingoja kusikia mumewe atasema nini mbele ya dada yake.

"Adabu anayo, dada," alisema Luseno. "Kuna kitu kingine ambacho hatukukijua, na mwalimu wake alituonyesha. Nitakueleza tukishakula. Tumekuja kuwasalimu tu. Shule zikifunguliwa tunarudi naye."

"Mwalimu ndiye anayewaambia mambo ya mtoto wenu?"

"Yeye ndiye anayemwona kutwa," Luseno alisema. Alimpokea mkewe mzigo mmoja, akaingia nao ndani.